Aliyezishonea Spika Viatu

Mara ya kwanza alipobisha mlango wetu alikuwa na kisu mkononi, na Baba, ambaye hakuwahi kupunguza muziki kwa ajili ya binadamu yeyote, aliupunguza.

Kilikuwa kisu cha kukatia mpira, kimenolewa miaka mingi hadi kikawa chembamba kama jani la muhindi. Mwenye kisu tulimjua. Kitengela ya miaka ya tisini haikuwa na watu wengi kiasi cha kutomjua mzee mrefu aliyekaa kando ya barabara ya Namanga, chini ya mabati matatu, akikata matairi ya malori na kuyageuza viatu vya akala. Jina lake wapo waliolijua. Sisi tulimwita Fundi, naye alipenda hivyo, kwa sababu alisema mafundi wengine wote wa mji huu walikuwa wanajaribu tu.

"Iko wapi hii kitu inapiga kelele?" aliuliza.

Baba alizionyesha kwa kidole, kama mtu anayewasaliti watoto wake. Spika mbili, kila moja ikimfika mtu kiunoni, mbao zake zimeng'arishwa, zimesimama juu ya saruji. Alizinunua wiki ileile aliyopunguzwa kazi, kabla Mama hajapata nafasi ya kuuliza maswali.

Fundi alipiga magoti. Tulidhani anataka kukata nyaya. Badala yake alichomoa kipande cha chaki nyuma ya sikio, akainamisha spika moja kama mtu anayekagua kwato ya mbuzi, akaitazama chini kwa muda mrefu.

"Kumbe haina viatu," alisema. "Ndio maana inakanyaga msichana yangu."

Msichana huyo alikuwa binti yake, mwanamke mzima, muuguzi, aliyepanga chumba kilichopakana na chetu. Tulimwita Sista, kama wauguzi wote. Alifanya zamu ya usiku na kulala mchana, na kitanda chake kiliegemea ukuta uleule ambao spika za Baba ziliupa mgongo. Sauti yenyewe, alisema, angeivumilia kwa pamba masikioni. Kilichomshinda ni besi, kwa sababu besi haikupita hewani. Ilishuka kwenye sakafu, ikavuka chini ya ukuta, ikapanda miguu ya kitanda na kumtikisa meno. Kabatini mwake kulikuwa na barua ya uhamisho kwenda Rombo, kule mpakani, ambako nyumba ilikuwa ya bure na majirani ni ng'ombe. Alikuwa na mwezi mmoja wa kuikubali au kuikataa.

Fundi alikuwa mjane. Kila asubuhi Sista alipotoka kazini alipitia kibandani kwake, wakanywa chai ya flaski, wakagombana kwa nusu saa, kisha akaenda kulala. Hiyo nusu saa ndiyo mzee aliyokuja kuipigania na kisu chake, na alilisema mbele yetu bila haya.

"Huyu akienda Rombo, mimi nitagombana na nani?"

"Si tuuze tu hizi spika," Mama alisema haraka. Mama alikuwa mshonaji, na spika zilikuwa zimekula nafasi ya meza yake ya kukatia nguo.

"Hakuna kuuza," Baba alisema.

"Hakuna kuuza," Fundi naye akasema, na Mama akamtazama kama msaliti. "Mtu akitembea na kishindo, unamkata miguu? Unamvalisha kiatu."

Akachora umbo la kitako cha spika kwenye gazeti, akalikunja, akaondoka. Baba alirudisha sauti ya muziki pale ilipokuwa, lakini polepole, kwa heshima.

Lazima niseme kidogo kuhusu miguu, kwa maana huwezi kumweleza mtu huyu bila miguu. Alisalimia viatu kwanza. Ungemkuta kibandani, ungesema sopa kwa Kimaasai, naye angeitikia ipa, macho yake yakiwa bado yako chini, yanasoma. Nyuso zilimchanganya. Soli hazikumchanganya. Alimkumbuka pasta wetu kama "yule anakanyaga kwa nje," na chifu kama "kisigino cha kushoto," na nina hakika kwamba mpaka leo mimi kwake ni mtoto anayeburuta. Akala zake zilivaliwa kuanzia Kiserian hadi Loitokitok, lakini yeye mwenyewe hakuzivaa hata siku moja. Alivaa viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, vya karani wa benki, vilivyopigwa rangi hadi ukajiona ndani yake, chini ya shuka nyekundu. Mtu akimuuliza mbona havai kazi ya mikono yake, alijibu, "Umeona mwenye bucha akijikata paja?"

Na muziki hakuupenda. Alilisema hilo kwa msisitizo. Redio, alisema, ni ya habari na ya kujua kama mvua itakuja, basi. Lakini kibanda chake hakikuwa mbali na dirisha letu, na Baba alipoweka rumba, kisu cha Fundi kilianza kufuata gitaa bila ruhusa ya mwenyewe. Akala zilizokatwa saa hizo zilikuwa na kingo za mawimbi. Wateja walizitambua. Kijana mmoja mchunga ng'ombe aliwahi kurudisha jozi akilalamika kwamba mguu wa kulia ulikuwa na mapindo mengi kuliko wa kushoto.

"Hiyo ni kibwagizo," Fundi alimwambia. "Wengine wanalipa zaidi."

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Viatu vya kwanza alivyozishonea spika havikufaa hata kidogo.

Alivikata kutoka tairi la lori la mizigo, pale katikati, penye mpira mgumu kuliko wote na nyuzi ndani yake. Elewa kwamba maisha yake yote mzee huyu alikuwa ameuza ugumu. Akala yake ilikuwa na sifa moja tu, kwamba haiishi. Walikuwepo watu waliokuja kununua jozi ya pili wakiongozana na wajukuu. Kwa hiyo alipoamua kuivalisha spika, aliitengenezea kitu ambacho kingekanyaga mawe ya Magadi miaka ishirini bila kuchubuka. Akavileta mchana mmoja Sista akiwa ametoka, vimefungwa kwa gazeti, akavipachika chini ya spika kwa fahari. Kisha akapanga jaribio. Alijaza kikombe chai ya maziwa hadi pomoni, akakiweka kwenye meza ndogo kando ya kitanda cha Sista, akangoja utando ujitengeneze juu. Mama aliwekwa hapo awe jicho. Fundi na Baba walibaki upande wetu, na muziki ukawashwa.

"Inatetemeka!" Mama alipaza sauti kupitia ukutani.

"Mama, toa kiwiko kwa meza," Fundi alimjibu, bila kumwona.

"Nimetoa."

"Na sasa?"

"Bado inatetemeka! Uzeni hivyo vitu!"

Fundi alikwenda kujionea. Utando wa chai ulikuwa unajikunja na kujikunjua kama paji la uso la mtu anayetaka kulia. Safari hii Mama hakuwa amedanganya. Sista aliporudi, akajilaza na kusikiliza dakika tano kwa mgongo wake, alitoa hukumu.

"Papa, umevalisha hii kitu viatu vya gwaride. Kwanza ilikuwa inatembea tu. Sasa inapiga saluti."

Siku tatu hakunoa kisu. Alikaa kibandani akipindapinda vipande vya tairi, anavibonyeza kwa kidole gumba, anavirusha. Mwezi wa kujibu barua ya Rombo ulikuwa umebaki wiki moja. Baba, kwa aibu, alianza kusikiliza muziki kwa dakika kumi kumi kama mtu anayevuta sigara kwa kujificha. Mama alikwishapima mahali ambapo meza yake ingekaa.

Suluhisho lilikuja kupitia kitu alichokidharau. Sista alikuwa na viatu vyake vya kazi, vyeupe, vya soli nene laini inayobonyea kama sponji. Fundi alivichukia. Aliviita mikate. Kila Krismasi alimpa binti yake jozi ya akala ili aache mikate, na kila Krismasi Sista alishukuru na kuzisukuma chini ya kitanda. Asubuhi ya Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, Sista alitoka zamu akiwa amechoka kupita kugombana. Alivua viatu pale mlangoni pa kibanda, akakaa kwenye benchi, akalala palepale, kikombe kikiwa bado mkononi.

Mzee alinisimulia mwenyewe kilichofuata, miaka baadaye, na huo ndio wakati pekee nilipomsikia akijilaumu.

"Nilitukana hivyo viatu miaka yote. Sikuwahi kuuliza kwa nini yeye anavipenda. Ile siku nikaviangalia. Nikasema, huyu anatembea wodi nzima, huku na huku, mpaka asubuhi, na wagonjwa hawaamki. Na mimi baba yake nataka avae tairi."

Kwa hiyo akachukua kisu.

Sista alipoamka, viatu vyake vilikuwa vipande sita, vimepangwa kwenye benchi kwa unadhifu, vitatu vya spika hii na vitatu vya ile.

"Papa! Hivyo ni viatu vyangu vya kazi!"

"Vilikuwa."

"Nitaenda kazini na nini?"

Nadhani nusu ya Kitengela ililisikia jibu, kwa sababu alilipigia kelele kwa furaha ya miaka mingi: "Angalia chini ya kitanda!"

Alikwenda kazini na akala. Mwenyewe alisimulia kwamba alipoingia wodini, kwata kwata kwata, mgonjwa aliyekuwa hajasema neno tangu aletwe aliinuka akauliza ni nani anakuja. Lakini kesho yake mchana, Baba akiwa amewasha muziki wa kawaida yake, wenye besi zote, kikombe cha chai upande wa pili kilikaa na utando wake umetulia kama blanketi lililotandikwa. Na safari hii kitandani alikuwapo Sista mwenyewe. Fundi hakushangilia. Aliweka kigoda nje ya mlango wa Sista, akakaa juani saa baada ya saa, akifukuza watoto waliopita wakikimbia, mpaka mlango ulipofunguka na binti yake akatoka, alama ya mto imejichora shavuni.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Hata ile ya gitaa ndefu?"

"Gitaa gani, Papa?"

Aligeuka akaenda zake kwa haraka, bila kuaga, viatu vya karani vikimeremeta. Barua ya Rombo ilijibiwa wiki hiyohiyo, na jibu lilikuwa hapana.

Baada ya hapo alikuwa mtaalamu, na utaalamu haukumfanya mnyenyekevu. Alikuja na kanuni. Ya kwanza ilikuwa kwamba spika ina miguu mitatu. Si minne. Sakafu za Kitengela, alisema, zilimwagwa na watu wenye haraka, na kitu cha miguu minne juu ya sakafu kama hiyo lazima mguu mmoja uning'inie na kupigapiga. Wateja waliona wanapunjwa. Mbuzi ana minne, meza ina minne, kwa nini mimi nipewe mitatu? Mwishowe alianza kuwapa wa nne bure, kwa sharti: "Weka kabatini. Ukiweka chini nitajua." Kiongozi wa kwaya aliuweka chini, kisha akaja kulalamika kwamba spika ya kanisa inayumba. Fundi alimfuata hadi kanisani, akaingia, akachomoa mguu mmoja, akautia mfukoni, akatoka.

Kanuni ya pili ilikuwa uzito. Laini ni dawa, lakini spika nzito juu ya mguu laini kupita kiasi huukandamiza ukawa karatasi, na karatasi haizuii kitu. Kwa hiyo aliinua kila spika juu ya goti lake, kama anayekadiria mbuzi sokoni Kiserian, akafumba jicho moja, akatangaza kama ni ya mpira wa tabaka moja au mawili. Hakukosea sana. Na chini kabisa ya kila mguu, chini ya ulaini wote, aligundisha kipande chembamba cha tairi la lori ambacho hakikuwa na kazi yoyote.

"Hicho ni cha nini?" nilimuuliza.

"Ni cha heshima yangu."

Kilimuuma, unajua, kuuza kitu kinachoisha. Ule mguu laini ulidumu mwaka, kisha ukalala. Mtu akirudi kununua mingine, Fundi alimpokea kwa huzuni, kama daktari.

Mpira laini wenyewe aliupata kwenye patapata kuukuu, zile ndala za kuogea, na hapo ndipo ulipoanza ule msimu ambao wapangaji wa ploti yetu waliacha kuvua viatu nje. Patapata zilipotea. Mkutano uliitishwa. Fundi alikuja kwa hiari na kikapu, akaeleza kwa utulivu kwamba yeye huchukua tu zilizobaki bila mwenzake, kwani hizo ni wajane kama yeye. Kikapu kikamwagwa. Zilikuwemo jozi nne kamili, zikiwemo za Mama.

"Hizi zilikuwa zinagombana," Fundi alisema. "Nilizitenganisha kidogo."

Rafiki yake mkubwa alikuwa Hajji, mfanyabiashara kutoka kaskazini mashariki aliyekuwa na duka la redio na vyombo vya umeme. Hajji alimpenda, lakini siku za Ijumaa alipomwona kwa mbali akielekea upande wa msikiti, ambako viatu vilipangwa mlangoni kwa mistari, alimpungia mkono: "Mzee! Salamu zako zimefika! Baki hukohuko!"

Siku moja Hajji alileta kutoka Dubai miguu ya spika ya chuma, inayong'aa, yenye ncha kali kama msumari, ya bei ambayo mtu angenunua mbuzi na kamba yake. Baba alianza kuota juu yake. Fundi aliingia dukani, akaugeuzageuza mmoja kiganjani.

"Hajji, hii umevalisha njumu. Mechi ni saa ngapi?"

Hajji alicheka hadi akaketi. Lakini vioo vya duka lake vilikuwa vinatetemeka kila alipomjaribishia mteja redio, na mwezi haukuisha kabla hajaagiza kwa Fundi miguu yake laini. Halafu akaanza kuiuza, akiitia kwenye mfuko wa nailoni unaong'aa, mitatu mitatu. Ilitoka haraka. Watu waliokataa mguu uleule kibandani waliununua dukani, kisha wakapita kwa Fundi kumwonyesha kitu cha maana ni kipi. Yeye aliichukua, akainusa, akairudisha. "Kazi nzuri sana," aliwaambia. "Huyo fundi lazima ni mtu mrembo."

Sista alikaa nyuma ya ukuta wetu miaka mingine sita. Alipoondoka, besi haikuhusika. Alipata kazi ya mchana katika hospitali ya Kajiado, akajenga nyumba kule, akamwambia baba yake afunge kibanda waende wote. Mzee alikataa mwaka mzima, kwa kanuni. Kisha siku moja mabati matatu hayakuwepo, na upande ule wa barabara ukawa na duka la simu.

Nilimwona tena miaka ya elfu mbili ilipokuwa inakaribia kwisha. Nilikuwa nimepanga ghorofani Rongai, naandika mchana na kusikiliza muziki ninapoandika, na jirani wa chini alikuwa na ufagio ambao mpini wake aliugonga darini kwa ufasaha mkubwa. Nikakumbuka ni nani duniani anayeponya maradhi hayo. Nikaenda Kajiado.

Alikuwa amekaa barazani juani, amekonda, shuka ileile. Alitazama miguu yangu.

"Mtoto anayeburuta," alisema. "Bado unaburuta."

Nilimweleza shida yangu mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka majirani wote wa Kajiado wakajua kuhusu ufagio.

"Spika zina uzito gani? Mbuzi au mwana-mbuzi?"

"Mwana-mbuzi!"

"Anayenyonya?"

"Anayenyonya!"

Akavuta kikapu chini ya kiti, akachagua patapata, akaanza kukata. Kazi ilikwenda polepole sasa. Nikatazama ndani kupitia mlango uliokuwa wazi. Sebuleni mwa Sista kulikuwa na spika mbili kubwa kuliko za Baba, na zilikaa moja kwa moja juu ya saruji. Niliona aibu kwa niaba yake.

"Fundi! Spika za Sista hazina kitu chini!"

"Ndiyo."

"Wewe umeziona?"

"Yeye aliziwekea. Mimi nikatoa. Akaweka tena, nikatoa tena, tukagombana." Aligusa sikio lake kwa mpini wa kisu. "Hizi masikio zimebaki za kupamba kichwa. Akiniita, sisikii. Mlango ukifunguka, sisikii. Kuna siku alirudi kutoka hospitali akapitia mlango wa nyuma, akapika, akanilia chakula chote kwa hasira kwa sababu nimenyamaza, na mimi niko hapa mbele namngoja, nafikiria gari imempata."

Akaendelea kukata. Ndipo nilipoona kwamba viatu vyake vyeusi vya karani vilikuwa kando ya kiti, soksi zimechomekwa ndani, na miguu yake mirefu mikavu imelazwa juu ya saruji yote, vidole vimetandazwa.

Akamaliza mguu wa pili. Alipoanza wa tatu, kisu kilisimama.

"Amefika," alisema.

Nilisikiliza. Sauti ya muziki, kama ilikuwepo, ilikuwa ndogo mno, mnong'ono wa gitaa mahali fulani ndani, ambao jirani asingeusikia.

"Mimi sihisi kitu, Fundi!"

"Vua."

Nikavua. Saruji ilikuwa na joto la jua. Mwanzoni hapakuwa na kitu, kisha, chini kabisa ya visigino, kitu kikagonga, kikapumzika, kikagonga, kikapanda hadi magotini. Mzee alikuwa ameweka kisu chini. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

"Akiingia anawasha muziki kwanza. Sasa anabadilisha nguo za kazi," alisema. "Sasa anatafuta kitu jikoni. Ngoja."

Muziki ukazimwa, na chini ya miguu yetu pakatulia. Alikaa wima, akavuta shuka begani, akakunja uso kwa makusudi, kama mtu anayevaa kofia.

"Umechelewa!" akauambia mlango wa ndani, kabla haujafunguka.